Kuweka marimba ya nje kwa ajili ya wagonjwa wenye kiwewe hospitalini

Mtu aliyenusurika ajali mbaya, vita au ukatili wa kijinsia amepitia saa ambayo hakuwa na kauli juu ya mwili wake. Ala inayowekwa kwenye uwanja wa hospitali kwa ajili yake haina budi kumrudishia kauli hiyo: aanze mwenyewe, aache mwenyewe, na asitokee mtu wa kumwambia kwamba amekosea. Hospitali ya Panzi mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, iliyoanzishwa na Dakta Denis Mukwege mwaka 1999, imewapa manusura nafasi ya kutunga na kurekodi nyimbo zao katika tiba. Marimba ya bustanini ni jambo dogo kuliko hilo na haishiki nafasi ya tiba yenyewe, lakini humfaa hata yule ambaye bado hajaweza kusema neno.

Tafuteni mahali kabla ya kumwita fundi. Mwenye kiwewe hushtuka akijiwa kwa nyuma, kwa hiyo mpigaji akae akiwa ameupa mgongo ukuta au ua wa miti, huku akiiona njia ya kuingilia na ya kutokea. Pawe na kivuli, kwa sababu chuma kilichopigwa na jua la mchana huunguza mkono, na pawe mbali na madirisha ya wodi za wagonjwa mahututi. Njia iwe ya saruji, si ya kokoto, na chini ya ala ibaki nafasi ya sentimita 70 ili magoti ya aliye kwenye kiti cha magurudumu yapite.

Kwa ala ya kwanza napendekeza marimba ya alumini yenye ngazi ya sauti tano, kama zilivyo tano katika amadinda, marimba ya mbao ya Waganda, kwa kuwa katika ngazi hiyo sauti zozote mbili zikigongana hazikwaruzi sikio. Nunueni vipande bapa vyenye unene wa milimita 10, vyote vya aina moja, mvikate kwa urefu wa sentimita 40, 37.8, 35.6, 32.7, 30.8 na 28.3, kipande cha mwisho hurudia sauti ya kwanza kwa juu. Fundi aache milimita moja au mbili za ziada, kisha apige tupa kwenye ncha huku akisikiliza, kwa maana kipande kikifupishwa sauti hupanda. Matundu ya kamba ya kufungia vipande kwenye fremu yatobolewe pale ambapo kipande hakitetemi, yaani asilimia 22.4 ya urefu kutoka kila ncha, ambayo kwa kipande cha sentimita 40 ni sentimita 9 hivi. Tundu likitobolewa katikati, sauti hufa mara tu inapogongwa. Chini ya kila tundu wekeni kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli ili chuma kisigusane na fremu.

Ngoma kubwa ningeiacha kwanza, kwa sababu kishindo chake cha ghafla kinaweza kumrudisha aliyesikia risasi kwenye siku ile ile. Vigongo navyo vivishwe mpira laini, na visifungwe kwa kamba ndefu, hasa palipo na wagonjwa wanaoweza kujidhuru; muuguzi avitunze kwenye kisanduku.

Siku ya kutumia, mhudumu apige sauti mbili tatu polepole, aweke kigongo karibu na mgonjwa, kisha anyamaze. Anayetaka kukaa tu na kusikiliza aachwe asikilize. Macho yakikodoka mahali pamoja au pumzi ikienda mbio, muziki usimame, aitwe kwa jina lake, aambiwe yuko wapi na leo ni siku gani, na aombwe akanyage ardhi kwa nyayo zote mbili. Daktari au mshauri wake ajulishwe siku hiyo hiyo. Kwa aliyevunjika mkono, mtaalamu wa fiziotherapia ndiye anayeamua kipande kipi akifikie na kwa muda gani.

Baada ya kila mgonjwa, vigongo na vipande vifutwe kwa sabuni au spiriti. Klorini isitumike, kwani hula alumini. Kamba zikaguliwe kila wiki, na iliyochakaa ibadilishwe kabla haijakatika mbele ya mgonjwa.