Sukiyaki ya nyumbani: jinsi ya kupika nyama mezani, awamu kwa awamu

Sukiyaki ni nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba, inayopikwa pamoja na mboga katika sufuria moja pale pale mezani, kila mlaji akijichotea. Kwa karne nyingi Wajapani wengi hawakula ng'ombe, kwa sababu ya mafundisho ya Kibudha na makatazo ya watawala. Bandari ya Yokohama ilipofunguliwa mwaka 1859, migahawa ya nyama ya sufuriani ikaanza kuenea, na mwaka 1872 umma ukaarifiwa kwamba Mfalme Meiji mwenyewe amekula nyama hiyo.

Ukikosea jambo moja tu, yaani kutumbukiza kila kitu kwa pamoja na kuacha kichemke, utapata mchuzi wa kawaida. Sukiyaki hupikwa kidogo kidogo, na huliwa huku ikipikwa.

Hatua ya 1: Nyama

Kwa watu wanne, tafuta gramu 600 za sarara au nyama ya mgongoni, yenye mafuta yaliyopenya katikati ya nyuzi. Omba pia kipande cha shahamu; wauza nyama wengi hukupa bure. Kama buchani hawana mashine ya kukatia, weka nyama kwenye friza kwa saa moja hadi mbili, iwe ngumu lakini isigande kabisa, kisha ikate kwa kisu kikali, ukikatisha nyuzi. Unene wa milimita mbili au tatu unatosha. Hapa usiwe na haraka, kwa sababu nyama nene haitaiva kwa sekunde chache, na ukiiacha iendelee kuchemka itakakamaa.

Hatua ya 2: Sosi

Changanya sosi ya soya, mirin (divai tamu ya mchele ya kupikia) na sake (pombe ya mchele), mililita 150 kila moja, pamoja na vijiko vitatu vikubwa vya sukari. Chemsha dakika mbili, epua. Wajapani huiita warishita. Mirin na sake zina kilevi, na kuchemsha hakukiondoi chote. Asiyetumia kilevi aweke maji mililita 250 na sukari vijiko sita badala ya mirin na sake. Ladha itapungua kina kidogo, lakini chakula kitabaki kizuri.

Hatua ya 3: Mboga na vinginevyo

Kabichi la Kichina, liki au vitunguu majani vinene vilivyokatwa mshazari, uyoga wa shiitake, tofu ngumu (jibini la soya) iliyobabuliwa kidogo kwenye kikaango, na tambi za shirataki (nyembamba, za kiazi cha konjac) zilizochemshwa dakika mbili ili harufu yake itoke. Wajapani huweka pia majani ya shungiku, yenye uchungu mzuri unaokata utamu wa sosi. Ukiyakosa, mchicha unafaa. Panga vyote kwenye sinia kubwa.

Hatua ya 4: Moto mezani

Tumia sufuria pana ya chuma kizito, isiyo na kina, juu ya jiko dogo la gesi la mezani, lenye mtungi wake mdogo ubavuni. Isiwe pana kiasi cha kufunika sehemu ya mtungi, maana joto likirudi huko mtungi unaweza kulipuka. Fungua madirisha. Jiko la mkaa lisiingie ndani. Gesi yake ya sumu huua.

Hatua ya 5: Nyama kwanza

Watu wa Tokyo humimina sosi mapema. Wa Osaka na Kyoto hunyunyizia sukari na sosi ya soya moja kwa moja juu ya nyama. Mimi huanza kwa namna ya Osaka, kisha huendelea kwa ile ya Tokyo. Yeyusha shahamu, tandaza vipande vichache vya nyama, nyunyiza sukari kidogo, geuza, tia tone la sosi ya soya. Ikibakia wekundu kidogo tu, mpe kila mtu kipande chake. Hiki ndicho kitamu kuliko vyote, kwa hiyo kisicheleweshwe.

Sasa panga liki, kabichi, uyoga, tofu na shirataki, kila kimoja upande wake. Mimina sosi ifike theluthi ya kina cha sufuria. Nyama iingie kidogo kidogo, mchicha mwishoni. Kadiri maji yanavyokauka ndivyo chumvi inavyozidi, hivyo onja kila mara: ikikolea ongeza maji, ikipwaya ongeza sosi.

Nchini Japani kila kipande huchovywa kwenye yai bichi lililopigwa, kwani mayai ya huko huoshwa na kuwekewa tarehe ya mwisho ya kuliwa mabichi. Kwingineko tumia mayai mabichi yaliyotibiwa kwa joto ili kuua vijidudu, ama usichovye kabisa.

Hatua ya 6: Tambi za mwisho

Nyama ikiisha, usimwage kilichobaki. Tia udon, yaani tambi nene za ngano, zilizokwisha chemshwa, punguza ukali kwa maji, mimina mayai mawili yaliyopigwa na ufunike hadi yaive kabisa. Pakua zikiwa bado zinafuka.