SOMO: Kuamsha Peugeot 404 iliyolala bandani miaka mingi

Wakuu, heshima kwenu. Tangu niweke picha ya 404 yangu humu, inboksi imejaa swali lile lile: "Mkuu, kuna gari ya babu imelala kijijini, nianzie wapi?" Nimejibu mpaka nimechoka. Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamtupia uzi huu.

Naongelea 404 ya petroli, injini ya cc 1618, kwa sababu ndiyo niliyoifungua kwa mikono yangu. Mwenye Land Rover au Datsun achukue yanayomfaa. Kwa vijana mnaoiona kama bati tu: Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania, alichukua Safari Rally na 404 mwaka 1966, akarudia 1967.

HATUA YA 1: Kuipata
Usiende na bei mdomoni. Gari hizi ziko migombani huko Kilimanjaro, kwenye mashamba ya zamani ya kahawa, misheni, na nyuma ya nyumba za watumishi wastaafu. Mzee akikwambia "haiuzwi", mara nyingi maana yake bado hajakujua. Mimi nilienda mara nne. Mara ya tatu hatukuitaja gari kabisa, tuliongea bei ya kahawa na magoti yake. Mara ya nne akanifungulia banda, na kiti cha nyuma kulikuwa na kuku ameatamia. Mzee akasema gari haitoki mpaka vifaranga vitoke. Nikasubiri.

HATUA YA 2: Karatasi
Jina kwenye kadi, namba ya chasisi kwenye kadi, namba ya chasisi kwenye bodi. Zilingane. Mwenyewe kama ameshafariki, unanunua kwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto aliyeshika ufunguo hana mamlaka hayo. Usipozingatia hili utatengeneza gari ya watu.

HATUA YA 3: Kutu
404 haina chasisi ya kujitegemea, bodi yenyewe ndiyo mifupa. Lala chini na bisibisi, choma sakafu, choma kingo za chini ya milango, choma pale jeki inapokaa. Bisibisi ikizama, hapo kuna kazi ya kuchomelea. Pitisha na sumaku juu ya rangi. Isiposhika, chini ni puti.

HATUA YA 4: Usiiwashe
Usiiwashe. Usiivute kwa trekta. Usiisukume na gia.

HATUA YA 5: Tenki
Mwaga mafuta ya zamani, yamegeuka gundi. Shusha tenki, tia kokoto safi na maji ya sabuni, tikisa, suuza, anika juani mpaka likauke kabisa. Badilisha mipira yote ya mafuta, fungua kabureta uisafishe. Tenki likiwa na tundu, usimpe mtu wa kuchomelea kwa sababu tu "limeshakaa tupu". Tenki tupu lina mvuke wa petroli, na mvuke ndio unaolipuka. Mpelekee anayejua kuliandaa.

HATUA YA 6: Kulegeza injini
Plagi za 404 zimezama kwenye mashimo marefu juu ya injini. Puliza mashimo kwanza kwa upepo wa kompresa, la sivyo mchanga na vinyesi vya panya vya miaka ishirini vitaingia kwenye silinda. Fungua plagi, mimina dizeli iliyochanganywa na oili kidogo kila silinda, acha siku kadhaa, ongeza. Kisha chukua hendeli ya mbele, jaribu taratibu, nusu sentimita mbele, nusu sentimita nyuma. Ikikataa usiivamie.
Siku ya kuipiga hendeli ili iwake, kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine. Hendeli ikikupiga nyuma na umeizungushia gumba, utaenda hospitali.

HATUA YA 7: Hedi na slivu. SOMENI HAPA
Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo nitaandika kwa kirefu.

Slivu, yaani yale mabomba ambamo pistoni zinapanda na kushuka, kwenye 404 hazijatengenezwa pamoja na bloku. Zimesimama ndani yake na maji yanazizunguka, na chini zimekalia gasketi nyembamba zinazotenga maji na oili. Kinachozibana zisinyanyuke ni hedi peke yake, kile kifuniko cha juu cha injini. Ukishatoa hedi, slivu zimekaa tu kama vikombe kwenye kabati.

Mimi nilitoa hedi nikaenda kutafuta gasketi. Nyuma nilimwacha kijana wa gereji. Kwa kutaka kujua tu, akazungusha injini na hendeli aone pistoni zikipanda na kushuka. Pistoni zilipanda, na ringi zikazivuta slivu mbili, pengine unene wa ukucha tu. Zikarudi chini. Kwa macho hakukuwa na kitu. Nilifunga kila kitu, nikatia maji, nikalala na furaha. Asubuhi nikavuta kijiti cha oili: chai ya maziwa. Uchafu uliingia chini ya slivu zile mbili na maji yalikuwa yanashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, usiku kucha. Nilishusha injini nzima, nikatoa slivu zote, nikasugua sehemu zinapokalia, nikaweka gasketi mpya. Wiki tatu na pesa ya ada ya mtoto.

Kwa hiyo:
Kung'oa hedi, ukishalegeza bolti usiivute juu moja kwa moja, maana slivu zikiwa zimegandamana nayo zitapanda pia. Itikise kulia na kushoto mpaka iachie.
Ikitoka tu, kabla hata hujanawa mikono, rudisha bolti mbili au tatu kwenye matundu ya hedi, na vipande vya bomba na washa nene (vile vibati vya duara vya bolti) zinazokanyaga kingo za slivu. Kaza kwa mkono, kisha robo mzunguko.
Ficha hendeli. Siyo utani, mimi sasa naiweka chini ya kitanda.
Hedi ni aluminiamu. Ukishafunga, usiendeshe na maji matupu ya bomba, yanaila. Weka kulanti, ile dawa ya rediata.

HATUA YA 8: Breki
Raba zote mpya, masta silinda na wili silinda, mipira yote. Hakuna mjadala.

HATUA YA 9: Umeme
Ndani ya distribyuta, kigawa moto wa plagi: pointi mpya, kondensa mpya, pengo la pointi milimita 0.4. Waya uliotafunwa na panya usiufunge solotepu, toa weka mwingine.

Maswali karibuni.

—

Kaka Mkubwa: Mkuu uzi mrefu sana. Kwa kifupi inagharimu shilingi ngapi?

Mwandishi: Kwa kifupi, sijaiona gari yako.

Mtoto wa Majengo: Asante kwa somo. Yangu tuliivuta kwa trekta ikawaka vizuri ila sasa inachemsha na oili imekuwa nyeupe. Shida itakuwa nini?

Mwandishi: Hatua ya 4 ina sentensi tatu. Ya pili inasemaje?

Mtoto wa Majengo: Nilikuwa sijaisoma wakati ule mkuu.

Mwandishi: Haya. Usiiwashe tena hata dakika moja. Mwaga oili yote leo, oili yenye maji inakula bering za krenki. Kisha toa hedi, anza na gasketi yake, inawezekana ndiyo yenyewe. Ikiwa nzima, rudi hatua ya 7.

Binti Gereji: Swali la kujifunza tu. Kwa nini Wafaransa waliweka slivu zinazolegea? Si wangetoboa bloku moja kwa moja yaishe?

Mwandishi: Swali zuri dada. Maji yanagusa slivu yenyewe, kwa hiyo inapoa vizuri. Halafu ikilika huhitaji mashine ya kuchonga bloku. Unatoa slivu za zamani, unaweka seti mpya na pistoni zake, injini imezaliwa upya, na kazi hiyo inafanyika chini ya mwembe. Kwa nchi yenye mashine chache hiyo ni neema. Gharama yake ni hiyo gasketi ya chini. Ukiwa na gereji na unataka kuona kwa macho, karibu, nina bloku tupu nitakuonyesha.

Fundi Mkongwe: Mimi fundi miaka 30, sijawahi kubana slivu hata siku moja na gari zinatembea. Mnawatisha vijana.

Mwandishi: Mzee wangu, shikamoo. Sijasema kila ukizungusha zitanyanyuka. Nimesema zangu zilinyanyuka. Bolti mbili na washa ni dakika tano, nilicholipa mimi ni wiki tatu.

Fundi Mkongwe: Marahaba. Sisi tulikuwa hatuzungushi tu.

Mwandishi: Basi mzee tunasema kitu kimoja.

Dereva Mstaafu: Yangu nimepanga waya za plagi 1-3-4-2 sawasawa, lakini inatema moto kwenye kabureta. Distribyuta imekufa?

Mwandishi: Haijafa. Umehesabu silinda namba moja kutokea kwenye rediata, siyo? Peugeot wanaanza kuhesabu nyuma, upande wa flaiwili. Umepanga ukiangalia ile wanayoiita namba nne. Hamisha kila waya nafasi mbili kwenye kofia ya distribyuta, mpangilio ubaki ule ule. Lete majibu.

Dereva Mstaafu: IMEWAKA! Mke wangu ametoka na mwiko akidhani ni bomu.

Binti Gereji: Na difu, ile gia ya ekseli ya nyuma, je? Nataka kumwaga oili ya difu niweke oili ya gia namba 90 ya kawaida.

Mwandishi: SIMAMA HAPO HAPO. Nilisahau kuliandika hili na ni kubwa. Difu ya 404 haina krauni na pinioni ya kawaida, ni ya skrubu ndefu ya chuma inayozungusha gurudumu la meno la bronzi. Oili nyingi za difu za siku hizi zina salfa ya kuhimili mgandamizo, na salfa inaila bronzi. Enzi zile ilitumika oili yenye asili ya mbegu za mbarika. Tafuta oili ya gia ambayo chupa inasema ni salama kwa bronzi na shaba. Muuzaji akisema "zote sawa", ondoka dukani.

Kaka Mkubwa: Kwa hiyo nikamue mbarika za shambani niweke?

Mwandishi: Hapana.

Dereva Mstaafu: Harufu ya panya kwenye viti mlitoaje?

Mwandishi: Hatukutoa. Tulivua vitambaa na sponji tukachoma moto, zikabaki springi tu, tukaanza upya na sponji ya magodoro. Vaa barakoa na glavu, vinyesi vikavu vya panya si vya kuvuta puani. Na kabla hujaingiza mkono chini ya kiti piga piga kwanza na fimbo. Bandani palipo na panya, nyoka naye anapajua.

Binti Gereji: Na vifaranga? Vilitoka vingapi?

Mwandishi: Tisa. Mayai mawili yalikuwa viza, moja lilipasukia kwenye springi. Jua likiwaka sana, mpaka leo naisikia harufu.