Jinsi ya kusoma dirhamu ya Bani Umayya

Dirhamu ya fedha iliyotokana na mageuzi ya sarafu ya Khalifa Abdulmalik bin Marwan wa ukoo wa Bani Umayya haina sura wala jina la mtawala. Mwongozo huu umetokana na kumsaidia mwanafunzi aliyeitafuta sura hiyo kwa muda mrefu.

Hatua ya 1. Ipime kwa mizani ya sonara. Sarafu nzima hukaribia gramu 2.9. Ikikaribia gramu 4 na kuwa na kichwa cha mfalme wa Kiajemi, hata kama "bismillah" imo ukingoni, hiyo ni ya mtindo wa Kisasani (wa wafalme wa Uajemi kabla ya Uislamu) uliotangulia mageuzi.

Hatua ya 2. Mulika kwa tochi kutoka ubavuni. Usiisugue kwa chochote.

Hatua ya 3. Katikati, soma mistari mitatu: La ilaha illa Allah, wahdahu, la sharika lahu.

Hatua ya 4. Soma duara linaloizunguka shahada hiyo, kinyume cha mwendo wa saa: bismillahi, imepigwa dirhamu hii, kisha mji, kisha mwaka wa Hijria kwa maneno, tarakimu ya mamoja ikitangulia makumi. Hapa ndipo penye kazi. Hati ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya sarafu hizi kwa kawaida haina nukta, na bila nukta maneno ya Kiarabu ya saba na tisa huwa na umbo moja, vivyo hivyo sabini na tisini. Kwa hiyo 77, 79, 97 na 99 huandikwa kwa mkururo uleule wa meno, yaani vijiti vifupi vya herufi. Mwaka 77 uondoe kwanza, kwa kuwa mwaka huo ulikuwa wa dinari mpya za dhahabu, na fedha ikafuata baadaye. Mji ukiwa Wasit, ondoa na 79, maana al-Hajjaj, gavana wa Iraki, alikuwa hajaujenga. Ukiwa Dimashq (Dameski), linganisha urefu wa meno: mchongaji makini hurefusha jino la kwanza kwa tisa na la nne kwa saba, lakini si wote waliokuwa makini. Mimi huamini zaidi picha za sarafu za mji huohuo zenye mwaka uliothibitishwa kuliko jedwali lolote la herufi.

Hatua ya 5. Geuza. Katikati utakuta maneno ya Suratul Ikhlas, pamoja na "hakuzaa wala hakuzaliwa", tamko lililopita mikononi mwa Wakristo wengi wa Shamu kila walipolipwa. Ukingoni ipo aya ya 33 ya Suratut Tawba, kwamba dini ya haki itazishinda dini zote, ijapokuwa washirikina watachukia. Ukikuta katikati "Muhammad Rasulullah" peke yake kwa mistari mitatu, hiyo ni ya Bani Abbas, waliotawala baada ya Bani Umayya.