Kufuata nyayo za familia ya Kiakadia: mshike mke, utampata mume

Mama mkwe wangu ni wa ukoo wa Trahan, kutoka Lafayette, Louisiana. Jina la ukoo analo, Kifaransa cha bibi yake anacho, lakini watu wake walipita wapi tangu Waingereza walipowafukuza Akadia, nchi ya walowezi wa Kifaransa ambayo leo ni Nova Scotia na maeneo jirani huko Kanada, mwaka 1755, hadi kufika Louisiana, hakuna aliyeweza kumwambia. Tumeitafuta njia hiyo pamoja, mimi na yeye, kwa miaka mitatu. Kama nawe una Mwakadia katika nasaba yako, nakueleza tulivyofanya, ili usipoteze muda tulioupoteza sisi.

Anza na walio hai, urudi nyuma ndoa moja baada ya nyingine. Usiruke kizazi hata kimoja. Louisiana ilikuwa chini ya Hispania tangu miaka ya 1760 hadi karibu na 1803, kwa hiyo usishangae Joseph wako akiandikwa José kwenye daftari la parokia. Majina ya ukoo nayo yasome kwa sauti, usiyatazame kwa macho tu: Boudrot, Boudreau na Boudreaux ni ukoo mmoja, na kule Kanada waliokaa kati ya Waingereza, LeBlanc aligeuka White, Poirier akawa Perry.

Sasa jambo lililotugharimu miezi minane. Waakadia walizaliana kutoka familia chache na walipenda majina yale yale: Joseph, Pierre, Jean-Baptiste, Marie, Marguerite. Tulimfuata Joseph Trahan mmoja kwa bidii kubwa, kumbe siye wetu. Tulipogundua, mama mkwe alifunga daftari, akakaa kimya jioni nzima.

Kilichotuokoa ni wake zao. Mapadri wa Kifaransa waliandika mwanamke kwa jina la kwao, tangu ubatizo hadi maziko, hata akiwa ameolewa mara tatu. Akina Joseph Trahan ni wengi; Joseph Trahan aliyeoa binti fulani wa akina Granger ni mmoja. Kwa hiyo andika jina la mke kwanza, kisha wazazi wake, kisha wasimamizi wa ubatizo wa kila mtoto, maana mara nyingi hao ni shangazi na wajomba. Lakabu pia usiiache. Neno “dit” likifuata jina, kinachokuja baada yake ndicho walichomwitia mtu huyo kijijini.

Halafu kuna hazina iliyofichwa ndani ya kumbukumbu za ndoa: ruhusa ya ndugu kuoana. Padri aliandika daraja la udugu. Daraja la pili, bwana na bibi harusi ni wajukuu wa mtu mmoja. La tatu, ni vitukuu vyake. La nne, ni vilembwe. Hata daftari la babu zao likiwa limepotea, mstari huo mmoja unakuonyesha koo mbili zinakutana wapi.

Ukifika mwaka 1755, swali ni moja tu: walikuwa wanaishi kijiji gani? Meli za Waingereza za kuwahamisha zilipangwa kwa eneo. Watu wa Chignecto, eneo mojawapo la Akadia, wengi walipelekwa South Carolina na Georgia. Wa Grand-Pré, kijiji kingine cha Akadia, na vijiji vya jirani walitawanywa Massachusetts, Connecticut, Pennsylvania, Maryland na Virginia. Kwa Grand-Pré ipo orodha ya John Winslow, ofisa wa jeshi la Waingereza aliyewaita wanaume kanisani tarehe 5 Septemba 1755 na kuwafungia humo, wanaume na wavulana 418. Ameandika jina la mwanamume, idadi ya watoto wake wa kiume na wa kike, kisha ng’ombe, kondoo, nguruwe na farasi. Mifugo ilihesabiwa kwa aina. Wake hawakuandikwa majina. Mama mkwe alipouona ukurasa huo alilia.

Waliopelekwa Virginia walikataliwa, na mwaka 1756 wakasafirishwa hadi Uingereza: Liverpool, Bristol, Southampton, Penryn. Wengi waliuawa na ndui. Waliobaki walivushwa Ufaransa mwaka 1763, na mwaka 1765 familia 78 zikapewa ardhi kisiwani Belle-Île-en-Mer. Ukoo wako ukipita hapo, umebahatika. Mwaka 1767 kila mkuu wa familia alitoa maelezo kwa kiapo: wazazi wake, babu zake, na ndugu walikotupwa. Yasome yote, hata ya familia usizozijua, kwa sababu ndugu wa mtu wako anaweza kutajwa kwenye maelezo ya shemeji yake. Mwaka 1785 meli saba zilichukua Waakadia wapatao 1,600 kutoka Ufaransa hadi Louisiana.

Kama wako walishukia Massachusetts, tafuta juzuu mbili za hifadhi ya nyaraka ya jimbo hilo, namba 23 na 24, ambamo Waakadia wanaitwa “French Neutrals”, yaani Wafaransa wasioegemea upande wowote. Humo mna madai ya gharama za miji iliyowalisha, na maombi ya wazazi waliolia kwamba watoto wao wanachukuliwa kwenda kutumikishwa.

Angalia na tarehe: kuanzia mwaka 1700 hadi Septemba 1752 kalenda ya Waingereza ilikuwa nyuma ya ile ya mapadri kwa siku 11.

Mwisho, weka karatasi ya pili kwa wale waliotenganishwa na familia yako. Daftari la parokia ya Saint-Charles ya Grand-Pré lenyewe lilibebwa na wahamishwa hadi Louisiana, na leo limehifadhiwa na Jimbo Katoliki la Baton Rouge. Humo tulimkuta dada wa yule binti wa akina Granger, aliyepelekwa Maryland. Uzao wake unaishi mwendo wa saa moja kutoka kwa mama mkwe. Jumapili ijayo tunakwenda kuwaona.