Ukiletewa mradi wa kuondoa hewa ukaa au kupunguza jua: namna ya kuusoma kabla ya kusema ndiyo

Mzee mmoja alinyoosha mkono katikati ya kikao akauliza, “Huu mkopo wa kaboni, riba yake kiasi gani? Na tukishindwa kulipa, watachukua nini?” Ukumbi mzima ukanyamaza. Mkalimani nilikuwa mimi. Neno “mkopo” lilikuwa limetoka kinywani mwangu, kwa sababu ndivyo lilivyoandikwa kwenye tafsiri niliyokabidhiwa asubuhi ile nami sikulichunguza. Nilipomaliza kueleza kwamba hakuna anayekopeshwa chochote, kwamba krediti ya kaboni ni hati tu inayosema tani moja ya hewa ukaa imeondolewa au imezuiwa, nusu ya waliokuwapo walikuwa wameshaamua. Walikataa mradi ambao haukuwapo, na ule uliokuwapo haukujadiliwa.

Tangu siku hiyo nimesoma nyaraka nyingi za aina hii, nyingine nikitafsiri, nyingine nikimsaidia mjumbe wa kamati aliyepewa kurasa themanini jioni kwa kikao cha kesho. Nayaandika haya kwa ajili ya mtu wa namna hiyo: mjumbe wa baraza, mwandishi wa habari, mwanachama wa ushirika, yeyote anayeombwa ridhaa.

Anza kwa kuujua ukoo wa mradi

Kuna koo mbili, na wanaoleta miradi mara nyingi huzichanganya chini ya jina moja la “teknolojia ya tabianchi”. Ukoo wa kwanza huondoa hewa ukaa iliyokwisha kusambaa angani: kupanda misitu, kufukia makaa ya mimea udongoni, kusambaza unga wa mawe mashambani, kujenga mitambo inayofyonza hewa, kubadilisha kemia ya maji ya bahari. Ukoo wa pili hauigusi hewa hiyo. Wenyewe hupunguza jua linalotufikia, ama kwa kupeleka chembe za salfa juu sana kwenye stratosfia, tabaka la anga lililo juu ya mawingu, ama kwa kupuliza chumvi ya bahari ili mawingu yawe meupe zaidi na kurudisha mwanga.

Tofauti hii ndiyo msingi wa maswali yote yanayofuata. Anayepunguza jua anashusha joto huku chanzo chake kikibaki palepale, na bahari inaendelea kuongezeka asidi kama kawaida. Anayeondoa hewa ukaa anagusa chanzo, ila polepole mno. Mtambo wa Orca uliofunguliwa Iceland mwaka 2021 ulijengwa kwa uwezo wa tani 4,000 kwa mwaka. Makaa ya mawe, mafuta na gesi peke yake hutoa zaidi ya tani bilioni 37 kwa mwaka duniani. Gawanya kwa sekunde, utaona kwamba kazi ya mwaka mzima ya mtambo ule inafuta chini ya sekunde nne. Sisemi hivyo kuudharau. Kazi hii itahitajika na lazima ianzie mahali. Ninachotaka ni kwamba atakayekuambia mradi wake utaruhusu viwanda viendelee kama vilivyo, umwonyeshe hesabu hiyo.

Angalia pia visivyo vya koo hizi. Kunasa moshi kwenye bomba la kiwanda cha makaa ya mawe kunazuia hewa mpya isiingie angani; hakuondoi iliyokwisha kuingia. Kurushia mawingu dawa ili mvua inyeshe ni jambo la tatu kabisa, lina sheria zake. Andika kwa penseli kwenye jalada: unaondoa, unazuia au unapunguza jua? Waraka usiokuwezesha kujibu hilo kwenye kurasa tano za mwanzo, urudishe kwa aliyeuandika.

Uliza umepitia mlango wa sheria ipi

Hakuna mkataba mmoja wa dunia unaosimamia mambo haya. Kuna vipande, na mwenye mradi mwangalifu anavijua vyote.

Kipande cha zamani kabisa ni mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1976 unaokataza kuyageuza mazingira kuwa silaha. Unahusu vita na uadui. Anayesema anapoza dunia kwa nia njema haumgusi. Mwaka 2010 huko Nagoya, nchi za Mkataba wa Bayoanuwai, yaani wa kulinda aina za viumbe hai, zilikubaliana kwamba shughuli za kuichezea tabianchi zisifanyike mpaka pawe na msingi wa kisayansi na athari zipimwe, zikaacha nafasi kwa majaribio madogo. Uamuzi ule una uzito wa kimaadili, lakini haubani kama sheria. Kuhusu bahari, Itifaki ya London ilirekebishwa mwaka 2013 ili isimamie umwagaji wa vitu baharini kwa lengo la kubadili tabianchi, na marekebisho hayo yamekwama kwa kukosa idadi ya nchi za kuyaridhia.

Ukitaka kuona hali ilivyo ngumu, tazama Mkutano wa Mazingira wa Umoja wa Mataifa. Mwaka 2019 Uswisi ilipeleka pendekezo la kuanza kulitathmini suala hili, likashindikana. Ikarudi mwaka 2024 na pendekezo la kupunguza jua peke yake, ikaliondoa baada ya mabishano. Katikati ya miaka hiyo, Agosti 2023, mawaziri wa mazingira wa Afrika walikutana Addis Ababa wakataka uwepo utaratibu wa dunia wa kutotumia kabisa teknolojia za kupunguza jua. Kwa hiyo mtu akikuambia “dunia imeshakubali”, hajasema kweli. Akikuambia “dunia imeshakataza”, naye pia hajasema kweli.

Pengo hilo lina matokeo. Mwaka 2012, mbele ya visiwa vya Haida Gwaii nchini Kanada, takriban tani 100 za salfeti ya chuma zilimwagwa baharini kuotesha mimea midogo ya majini. Jamii ya pale ilitarajia samaki aina ya samoni warudi na krediti za kaboni zipatikane. Badala yake ulimwengu mzima ukawa unauliza nani alitoa ruhusa. Miaka kumi baadaye kampuni changa ya Kimarekani ikarusha maputo yenye salfa huko Baja California bila kuiuliza Meksiko, na Januari 2023 serikali ya Meksiko ikatangaza kwamba itapiga marufuku majaribio hayo.

Kwa hiyo usiridhike na sentensi ya “mradi unazingatia sheria zote husika”. Omba orodha. Omba namba ya kibali, tarehe yake, na ofisi iliyokitoa. Ikiwa sheria haipo, waandike kwa maneno yao wenyewe kwamba haipo, halafu waeleze watajibana vipi. Wasomi wa Uingereza waliandika Kanuni za Oxford mwaka 2009, tano tu, na nne kati yake unaweza kuzigeuza maswali hapohapo kikaoni: umma umeshirikishwa? Matokeo yatatangazwa hata yakiwa mabaya? Athari zinapimwa na mtu asiyelipwa na mradi? Usimamizi upo kabla ya kazi kuanza?

Swali kubwa: nani anaweza kuzima?

Ningeruhusiwa kuuliza swali moja tu, lingekuwa hili. Nani ana mamlaka ya kuzima, atazimaje, na siku akizima itakuwaje?

Kwa ukoo wa kupunguza jua, jibu linatisha. Mlima Pinatubo ulipolipuka Ufilipino Juni 1991 ulipeleka juu takriban tani milioni 15 hadi 20 za dioksidi ya salfa, na wastani wa joto la dunia ukashuka kwa karibu nusu ya nyuzi. Haikuchukua miaka mingi joto likarudi, maana chembe zile huanguka ndani ya mwaka mmoja au miwili. Sasa fikiria watu wanazipeleka kwa ndege kila mwaka kwa miaka arobaini, huku hewa ukaa ikiendelea kujazana. Pesa ikikatika, vita ikizuka, serikali ikibadilika, joto lote lililokuwa limezuiwa litarudi kwa kasi ndani ya miaka michache, mazao na wanyama wasipate muda wa kuzoea. Kuzima ghafla kunaweza kuleta madhara makubwa kuliko ya kutoanza. Mradi usio na ukurasa unaoeleza namna ya kupunguza taratibu, kwa pesa iliyotengwa kabisa, hauko tayari kusomwa.

Na mvua? Kupunguza jua hakushushi joto sawasawa kila mahali, na kunaweza kuhamisha mvua. Nchi ikipata ukame mwaka wa tatu wa mradi, nani atathibitisha kama ni mradi au ni bahati mbaya ya hali ya hewa? Dai la nchi hiyo litapelekwa wapi? Nimekuta nyaraka zenye sura nzima ya vipimo vya ndege na aya moja ya fidia. Isome ile aya moja mara tatu.

Kwa ukoo wa kuondoa, swali la kuzima linageuka kuwa la kulinda: nani analinda kile kilichofukiwa? Hewa iliyochanganywa na maji na kushindiliwa kwenye miamba ya basalti hugeuka jiwe, na jiwe halihitaji mlinzi mkali. Msitu unahitaji. Moto wa wiki moja unaweza kurudisha angani kazi ya miaka thelathini. Mkataba ukisema mradi ni wa miaka 25 na hewa itahifadhiwa miaka 100, hiyo 75 iliyobaki ni ya nani? Mara nyingi ni ya mwenye ardhi, bila yeye kujua.

Chukua kalamu, punguza tani

Hapa watu huogopa bure, wakati hesabu yenyewe ni ya kutoa tu. Nikupe mfano wa kubuni. Mradi wa makaa ya mimea unasema ukurasa wa kwanza: tani 10,000 kwa mwaka. Nenda kwenye viambatisho. Malori na tanuri vinatoa tani 900. Sehemu ya makaa itakayooza ndani ya miaka mia ni sawa na tani 1,500. Zimebaki 7,600. Akiba ya tahadhari dhidi ya hasara ni asilimia 10, yaani 760, nazo haziuzwi. Zinazoweza kuuzwa ni 6,840. Sasa rudi ukurasa wa mapato uone wamezidisha bei kwa namba ipi. Ikiwa ni 10,000, una la kuuliza, na huhitaji shahada.

Kisha uliza tani hizo zinaandikwa kwenye vitabu vya nani. Kampuni inayonunua itasema ni zake. Serikali ya nchi yenye mradi nayo inaweza kuzihesabu kwenye ahadi yake ya tabianchi. Makubaliano ya Paris, kifungu cha 6, yanataka nchi inayouza tani kwa ajili ya ahadi ya nchi nyingine irekebishe hesabu zake ili tani moja isihesabiwe mara mbili. Omba barua ya idhini ya serikali yenye ahadi hiyo. Kama tani zinauzwa kwenye soko la hiari, ambako kampuni hununua bila kulazimishwa na sheria, na barua haipo, wakueleze mnunuzi atazitangaza vipi.

Kikaoni

Udogo wa jaribio usikuzuie kuuliza. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walipanga kurusha puto Kiruna, Uswidi, kujaribu vifaa tu, bila kumwaga chembe yoyote. Baraza la Wasami, watu wa asili wa kaskazini mwa Ulaya, likaandika barua kupinga: watu wa pale hawakuulizwa. Safari ile ikasimamishwa, na mradi wote ukafungwa Machi 2024. Mwaka huohuo wa 2024, Alameda, California, jaribio la kupuliza chumvi ya bahari kutoka sitaha ya meli lilikuwa limeshaanza ndipo viongozi wa mji wakajua undani wake. Juni baraza likapiga kura kulikataa. Watafiti waliopoteza miaka yao katika visa hivi wangeweza kuanza na mazungumzo, na nafikiri sayansi yenyewe ingefaidika.

Kwa hiyo dai mambo haya mapema. Waraka wote utafsiriwe. Muhtasari hautoshi, kwa sababu vifungu vya dhima hukaa nyuma. Upewe angalau wiki kadhaa za kuusoma. Aitwe mtaalamu mliyemchagua ninyi, gharama alipe mwenye mradi lakini mkataba wake awe nao na ninyi. Mkalimani akitumia neno msilolielewa, mwinulieni mkono palepale kama yule mzee. Alinifanyia kazi kubwa kuliko kamusi yoyote.

Na karatasi ya mahudhurio. Nimeshuhudia orodha ya majina na saini, iliyopitishwa mezani watu wakinywa maji, ikitokea miezi baadaye kwenye kiambatisho yenye kichwa “Jamii Iliyoridhia”. Karatasi ikikufikia, kabla ya kuandika jina lako andika juu kabisa, kwa herufi kubwa: MAHUDHURIO TU, SI RIDHAA. Weka tarehe. Ipige picha. Kisha ndipo uipitishe kwa jirani yako.