Jinsi ya kutengeneza haidramu, pampu inayopandisha maji bila umeme wala mafuta

Nimetoka kumsaidia jirani kufunga haidramu, na karibu muda wote wa kazi ulikwenda kwenye vali moja. Kwa hiyo mabomba nitayapita haraka, ila kwenye vali hiyo tutakaa.

Maji yanayoshuka kwa kasi ndani ya bomba yakizuiwa ghafla, hugonga. Mshindo unaousikia ukifunga koki kwa haraka ndio nguvu yenyewe ya mashine hii. Joseph-Michel Montgolfier, Mfaransa yuleyule aliyerusha puto la hewa ya moto pamoja na ndugu yake mwaka 1783, alibuni pampu inayojigonga yenyewe mwaka 1796. Hadi leo vitu vinavyocheza ndani yake ni vali mbili tu.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kununua chochote

Pima mteremko kutoka chanzo hadi pampu, kimo kutoka pampu hadi tangi, na lita zinazopita kwa dakika. Zidisha lita kwa mteremko, gawanya kwa kimo, kisha chukua nusu, maana vali za kawaida na msuguano hula nyingine. Lita 20 kwa dakika, mteremko wa mita 2, kimo cha mita 10: utapata kama lita 2 kwa dakika, yaani lita 2,880 kwa siku. Lita 18 zilizobaki zinamwagika kila dakika, kwa hiyo zichimbie mfereji wa kuzirudisha mtoni. Mteremko usiofika mita moja, mimi siujengei.

Hatua ya 2: Bomba la kushushia

Chuma. Bomba la plastiki hutanuka kidogo kila pigo na kumeza nguvu unayoitafuta. Kwa mfano wetu, inchi 1¼ na urefu wa mita 10 inatosha. Linyooshe, lisiwe na kona wala mgongo unaoficha hewa. Mdomo wa juu uwe na wavu na uzame angalau sentimita 30.

Hatua ya 3: Mwili wa pampu

Kuanzia mwisho wa bomba la kushushia, panga hivi: koki, yunioni (kiungo kinachofunguka bila kukata bomba), tii (kiungo cha midomo mitatu) ya kwanza yenye tawi linalotazama juu, vali ya kuzuia maji kurudi, tii ya pili. Tawi la juu la tii ya pili libebe chumba cha hewa, upande wake uelekee tangini kupitia koki nyingine. Kaza yote juu ya zege au jiwe zito.

Hatua ya 4: Chumba cha hewa

Bomba nene la urefu wa mita moja, lililozibwa juu. Hewa ikiachwa humo peke yake huyeyuka majini taratibu, mapigo yanakuwa makavu na viungo vinapasuka. Kunja tyubu ya baiskeli iliyojazwa upepo kiasi, iingize kabla ya kufunga kifuniko.

Hatua ya 5: Vali ya kumwagia

Hii inakaa kwenye tawi la tii ya kwanza. Nunua vali ya shaba ya kuzuia maji kurudi, yenye ulimi unaoning'inia, isiwe ya springi, kwa sababu springi itaubana ulimi usifunguke. Ifunge wima, mshale wake unaoonyesha njia ya maji ukitazama chini. Ndiyo, kinyume na mafundi bomba walivyozoea. Hapo ulimi unaanguka wazi kwa uzito wake, maji yanatoka juu, kasi inaongezeka hadi yanaubeba na kuufunga kwa kishindo. Pigo linasukuma maji kidogo kuelekea tangini, presha inashuka, ulimi unaanguka tena.

Usitarajie ianze yenyewe. Funga koki ya tangini, fungua ile ya bomba la kushushia, kisha sukuma ulimi chini kwa kijiti, tena na tena. Usitumie kidole. Mwanzoni ulimi utabaki umefungwa kila ukiuachia, kwa kuwa upande wa tangi hauna presha ya kuyarudisha maji nyuma, na pengine bomba bado lina hewa. Endelea tu. Presha ikijengeka, ulimi utaanza kupiga peke yake. Hapo ndipo ufungue koki ya tangini, kidogo kidogo; ukiifungua yote mara moja, itazima.

Kisha sikiliza. Pitisha bolti katikati ya ulimi, ichomoze juu kupitia tundu la vali, uweze kuongeza na kupunguza nati. Uzito ukizidi, mapigo yanakuwa ya polepole na mazito, na maji mengi yanamwagika. Ukipungua, yanakuwa ya haraka na mepesi. Mimi huanzia mapigo 60 kwa dakika, halafu napima maji ya tangini kwa ndoo na saa kila nikibadilisha nati. Ukikuta ulimi umebaki wazi, kasi haitoshi: punguza nati au safisha wavu. Ukibaki umefungwa, rudi kwenye presha na hewa.

Hatua ya 6: Bomba la kupandishia

Hapa plastiki inafaa, nusu ya kipenyo cha lile la kushushia. Kagua nati za bolti baada ya siku ya kwanza, maana mtikisiko huzilegeza.