Mkanda wa jeshi ukikutokea, anza hivi

Kama umeanza kuskia ngozi inawaka upande mmoja tu wa mgongo ama kifua, alafu malengelenge yanajipanga kama mshipi na hayavuki kwenda upande wa pili, huo ni mkanda wa jeshi, hujarogwa. Ni virusi vya tetekuwanga uliyougua ukiwa mtoto, ni jamii ya hepesi, havikutoka mwilini, vimejificha kwa neva miaka yote na seli za kinga zinaitwa T ndizo zinavilinda visiamke.

Sasa kitu kikidhoofisha hizo seli vinaamka. Uzee unaweza, dawa za saratani pia, lakini kwa kijana hapa Nairobi cha kwanza kuangalia ni HIV, juu HIV inaua seli za CD4, ambazo ni aina ya hizo seli za T zenyewe. So pima, kwa hospitali za serikali ni bure, na tafadhali usiogope, unaweza kupata mkanda na uko negativu kabisa.

Usikae ukipaka majivu ama kolgeti. Enda uandikiwe asiklovia, dawa ya kupunguza nguvu ya hivyo virusi, ndani ya saa 72 tangu malengelenge yatokee, mtu mzima kawaida anameza miligramu 800 mara 5 kwa siku, siku 7, lakini mwenye shida ya figo lazima daktari apunguze. Ikitokea karibu na jicho ama kwa ncha ya pua, kimbia hospitali siku hiyohiyo, inaweza kukupofusha. Funika vidonda mpaka vikauke, na ukae mbali na mama mjamzito ambaye hajawahi ugua tetekuwanga.